Kodi ya uwanja wa hoki Salt Lake City: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye sheria

Tangu Januari 1, 2025, kodi ya mauzo ya Salt Lake City, jimboni Utah, ilipopanda kwa nusu asilimia kwa ajili ya uwanja wa timu ya hoki ya barafu, maswali yanayotufikia kwa Kiswahili yameongezeka, na mengi yanafanana. Ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na kwenye kambi za Kigoma na Kakuma wanauliza kwa nini walipie timu ya tajiri. Wenye maduka wanauliza wakate kiasi gani. Wengine hawaulizi chochote, wameshahukumu. Makala haya yanalenga kuweka mambo sawa. Si ushauri wa kisheria, na hayachukui nafasi ya maelezo rasmi ya Tume ya Kodi ya Jimbo la Utah. Pakitokea tofauti, maelezo ya Tume ndiyo yanayofuatwa.

Tuanze na lililo jepesi. Jiji halikumnunulia mtu timu. Aprili 18, 2024 bodi ya magavana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, iliidhinisha kampuni ya Ryan Smith, mmiliki wa timu ya kikapu ya Utah Jazz, kuchukua wachezaji na benchi la ufundi la timu ya hoki ya Arizona Coyotes kwa dola bilioni 1.2. Bilioni moja ilikwenda kwa Alex Meruelo, mmiliki wa kule Arizona, na milioni 200 wakagawana wamiliki wa timu nyingine za ligi. Ni biashara ya watu binafsi na kodi yako haikuingia humo. Hili tumelieleza kila tulipoulizwa, na tunaomba lisiendelee kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kama siri iliyovuja.

Kodi inahusu jengo. Delta Center, uwanja inaochezea timu hiyo, ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya mpira wa kikapu. Kiwanja cha kikapu kina urefu wa kama mita 29. Barafu ya NHL ina mita 61. Ukitandaza barafu ndani ya jengo la kikapu, aliyekaa juu nyuma ya goli anaona goli la mbali vizuri kabisa, lakini hili lililo chini ya miguu yake halioni. Ndiyo maana jengo linaloingiza watu zaidi ya elfu 18 kwenye kikapu lilianza msimu wa kwanza wa hoki likiwa na viti elfu 11 na ushee tu vinavyoona barafu yote. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, walikutana na tatizo hilihili mwaka 1996, timu hiyo ya Coyotes ilipohamia kwao kutoka Winnipeg na kuingizwa kwenye ukumbi wa kikapu.

Mwaka 2024 Bunge la Utah lilipitisha sheria, SB 272, inayoliruhusu jiji kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia kwa muda usiozidi miaka 30. Oktoba mwaka huohuo Baraza la Jiji likaidhinisha. Makubaliano yanatenga dola milioni 900 kwa mradi mzima: milioni 525 za kukarabati Delta Center, na milioni 375 za kuendeleza eneo linaloizunguka. Januari 2025 kiwango cha jumla kwa bidhaa za kawaida kikatoka asilimia 7.75 hadi 8.25. Kwa lugha ya dukani, ukinunua nguo za dola 100, sehemu ya uwanja ni senti 50.

Sasa, unga. Tumeletewa malalamiko kwamba "kodi ya hoki" imepandisha bei ya unga, mchele, maharage na mafuta ya kula. Vyakula visivyopikwa vinatozwa asilimia 3 katika Utah nzima na nyongeza hii haiwahusu. Ukiona kwenye risiti yako unga umekatwa zaidi ya asilimia 3, tatizo liko kwenye mashine ya dukani, si kwa madiwani. Chakula kilichopikwa ni habari nyingine: sambusa ya moto inatozwa kiwango kamili, na juu yake kuna asilimia moja ya kodi ya migahawa.

Wafanyabiashara wasome hapa kwa makini, kwa sababu wengi wanakosea bila nia mbaya. Katika Utah, muuzaji aliyeko ndani ya jimbo anatoza kiwango cha mahali biashara yake ilipo, si mahali anakoishi mteja. Duka lako likiwa mji wa jirani kama West Valley City au South Salt Lake, huna ruhusa ya kumkata mteja nusu asilimia ya Salt Lake City, hata kama ana anwani ya Salt Lake City na hata kama jirani yako anafanya hivyo. Viwango hubadilishwa mwanzoni mwa robo ya mwaka, hivyo angalia jedwali la Tume kila robo inapoanza. Kiwango ulichokiingiza kwenye mashine mwaka juzi hakikusaidii. Na ukishamkata mteja zaidi ya inavyotakiwa, ziada hiyo si faida yako: inawasilishwa yote kwa Tume.

Ritani, yaani taarifa ya kodi uliyokusanya, ya robo mwaka inawasilishwa kabla ya kumalizika kwa siku ya mwisho ya mwezi unaofuata. Anayekusanya dola 50,000 au zaidi kwa mwaka anawasilisha kila mwezi. Aliye chini ya dola 1,000, mara moja kwa mwaka. Hukuuza kitu? Unawasilisha hivyohivyo, ukiandika sifuri. Ukichelewa siku moja hadi tano, adhabu ni dola 20 au asilimia 2 ya kodi unayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Siku ya sita hadi ya kumi na tano, asilimia 5. Kuanzia siku ya kumi na sita, asilimia 10. Kuchelewa kuwasilisha na kuchelewa kulipa ni makosa mawili tofauti, kila moja lina adhabu yake kwa ngazi hizohizo, na riba inahesabiwa kando. Kodi uliyomkata mteja ni fedha ya serikali iliyokaa kwako kwa muda, na kuitumia kulipia pango la duka kumewaponza watu wenye biashara nzuri tu.

Hayo ndiyo tunayoulizwa. Ambalo hatuulizwi, na lina uzito zaidi ya senti 50, ni mkataba kati ya serikali na mwenye timu: unasema nini siku mwenye timu akitaka kuondoka?

Tazama yaliyowapata waliokuwa na Coyotes kabla yetu. Glendale, mji ulio pembeni mwa Phoenix, ulifungua uwanja wake wa hoki Desemba 2003, na mji wenyewe ulitoa kama dola milioni 180. Mei 2009 mmiliki, Jerry Moyes, akaipeleka timu kwenye mahakama ya ufilisi akiwa na mnunuzi tayari, Mkanada Jim Balsillie, aliyetaka kuihamishia Hamilton, Ontario. Jaji hakukubali, na ligi yenyewe ikainunua timu. Mji wenye wakazi kama robo milioni ukabaki na uwanja mkubwa na deni, na timu isiyo na mwenyewe. Ukaanza kuilipa ligi dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo, ili timu ibaki wakati mnunuzi anatafutwa. Jaribio la kukopa zaidi ya dola milioni 100 ili kumsaidia mnunuzi mmoja lilikwama mwaka 2011, baada ya taasisi ya Goldwater kutishia kwenda mahakamani. Katiba ya Arizona inakataza serikali kutoa zawadi kwa kampuni binafsi. Mwaka 2012 Glendale ikapandisha kodi yake ya mauzo kutoka asilimia 2.2 hadi 2.9.

Julai 2013 madiwani, kwa kura 4 dhidi ya 3, wakapitisha mkataba wa miaka 15 wa kuwalipa wamiliki wapya dola milioni 15 kila mwaka waendeshe uwanja. Magazeti yakaandika miaka 15. Ndani ya mkataba huo palikuwa na kifungu kinachomruhusu mwenye timu kuondoka baada ya miaka mitano kama hasara yake imefika dola milioni 50. Kwa anayesoma mikataba kwa kazi, huo ni mkataba wa miaka mitano. Na haukufika hata huko: Juni 2015 baraza likauvunja kwa kutumia sheria ya mgongano wa maslahi, kwa kuwa aliyekuwa mwanasheria wa mji alikuwa amekwenda kuajiriwa na timu. Wakaafikiana upya kwa miaka miwili, dola milioni 6.5 kwa mwaka. Agosti 2021 Glendale ikatangaza kwamba baada ya msimu wa 2021/22 haitaongeza mkataba. Timu ikaenda kuchezea uwanja wa chuo kikuu huko Tempe wenye nafasi zisizofika 5,000, jambo ambalo ligi ya hadhi hiyo haikuwa imelizoea.

Watu hutuambia, "Basi timu ilipe pango kubwa, ijilipie jengo lake." Ni wazo la haki, lakini sheria ya kodi ya shirikisho ya mwaka 1986 inalipindua. Jiji linalotaka kukopa kwa hati fungani ambazo riba yake haitozwi kodi, yaani mkopo wa bei nafuu, linatakiwa sehemu ya deni inayolipwa na biashara binafsi isizidi asilimia 10 pale ambapo jengo linatumiwa na biashara hiyo. Kwa hiyo kadiri timu inavyolipa pango kubwa, ndivyo jiji linavyopoteza haki ya kukopa kwa nafuu. Ndiyo, umesoma sawasawa. Waliotunga kifungu hicho walitaka kuwazuia wenye miji kujenga viwanja kwa mikopo ya namna hii; wenye miji wakachagua kupunguza pango na kulipa deni kwa kodi za wananchi.

Jingine ni vitisho vya kuhama. Mwaka 2007 Mario Lemieux, mchezaji nguli na mmiliki mwenza wa Pittsburgh Penguins, alikwenda Kansas City kutazama uwanja mpya, na Pittsburgh nzima ikapata homa. Uwanja mpya wa Pittsburgh ukapatikana. Mwaka uliofuata, kwenye uzinduzi wa ujenzi, Lemieux mwenyewe akasema kwamba nia yao siku zote ilikuwa kubaki, na kwamba kule walikwenda kula chakula kizuri cha jioni na kurudi. Kansas City mpaka leo haina timu ya NHL. Quebec City nayo, iliyopoteza timu yake mwaka 1995, ilifungua uwanja wa dola za Kanada milioni 370 mwaka 2015, uliogharimiwa na jimbo na jiji, na bado inasubiri timu. Hatusemi kila kitisho ni cha uongo. Arizona iliondokewa kweli.

Na iliondokewa baada ya wananchi kupiga kura. Mei 16, 2023 wakazi wa Tempe waliulizwa hoja tatu, namba 301, 302 na 303, kuhusu kujenga uwanja na majengo mengine kwenye eneo lililotumika kama jaa la taka. Zote tatu zilikataliwa, kwa kama asilimia 56. Mwaka mmoja haukuisha, timu ikawa Utah. Kuna wanaotuuliza kwa nini Salt Lake City hatukupewa kura kama hiyo. SB 272 iliweka uamuzi mikononi mwa Baraza la Jiji, na madiwani ndio waliopiga kura. Unaweza kulichukia hilo, lakini kutuletea karatasi za saini miezi kadhaa baada ya uamuzi ni kujichosha.

Waliokuja mapema walipata kitu. Wapenzi wa muziki walipohofia kwamba ukumbi wa Abravanel, nyumbani kwa okestra ya Utah, ungebomolewa kupisha mradi, walikusanya saini na kusema hadharani, na kaunti ikaachana na wazo la kuubomoa. Wajapani wa Japantown, ambayo leo imebaki kipande kimoja cha mtaa wa 100 South baada ya ukumbi wa Salt Palace kumeza sehemu kubwa miaka ya 1960, walihudhuria na kubanana na madiwani. Mtaa wao ukatajwa miongoni mwa watakaonufaika na ada inayotozwa kwenye tiketi. Jamii ya Waswahili katika jiji hili si ndogo, lakini kwenye vikao hivyo haikusikika.

Kuhusu ajira, wachumi wamechunguza viwanja vya namna hii kwa zaidi ya miaka 30, na karibu wote wanasema jambo moja: fedha ambayo familia ingetumia sinemani au mgahawani inahamia uwanjani, na nyongeza kwa uchumi wa mji ni ndogo kuliko gharama ya umma. Ofisi yetu haina msimamo juu ya mradi huu, ila mtu akikuahidi maelfu ya ajira za kudumu, mwombe akuonyeshe hesabu.

Mradi utachukua miaka mingi na marekebisho ya mikataba yatarudi barazani. Vikao rasmi hufanyika kwa kawaida siku za Jumanne jioni, katika jengo la City and County, 451 South State Street. Unajiandikisha kuzungumza, unataja jina lako, na unapewa dakika mbili. Maoni ya maandishi yanapokelewa pia. Ukihitaji mkalimani, omba siku kadhaa kabla. Usifike mlangoni ukidai umenyimwa. Uliza timu ikihama mapema nani anamalizia deni, gharama za ukarabati zikizidi makadirio nani anaongeza, na ada ya tiketi inaingia mfuko gani. Uliza moja tu kati ya hayo, na uandike kabisa kwenye karatasi. Tumewaona wazee wetu wakisimama pale kwa heshima zote, wakaanza na salamu, shukrani kwa mwenyekiti, shukrani kwa madiwani mmoja mmoja na pole kwa majukumu, na muda ukaisha kabla uwanja haujatajwa. Pale itifaki inahesabiwa kuwa imezingatiwa tangu ulipoitwa jina.