Gia za Lori: Yasemwayo Vijiweni na Ukweli Wake

Kijana aliyezoea gari dogo anapopanda kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha lori, mara nyingi kinachomtisha si urefu wa tela wala uzito wa shehena, bali kirungu cha gia chenye namba nyingi na swichi za upepo pembeni. Hapo ndipo ushauri unapomiminika, wa utingo, wa madereva wakongwe na wa mafundi wa gereji, na sehemu kubwa ya ushauri huo ni kweli iliyokatwa nusu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba gia ikigoma au ikilia, ama mkono wa dereva ni dhaifu, ama giaboksi imechoka. Ukweli ni kwamba ndani ya giaboksi mna sehemu zinazozungushwa na injini na nyingine zinazozungushwa na magurudumu, na gia huingia kwa ulaini pale tu meno yanayokutana yanapokuwa na kasi inayolingana. Katika magari madogo, na katika malori mengi ya Ulaya kama Scania na Mercedes-Benz ya gia za mkono, kazi ya kulinganisha kasi hizo hufanywa na pete za sinkronaiza, ufundi ulioingia sokoni kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928. Giaboksi za Eaton Fuller, pamoja na nyingi za muundo huo zinazofungwa kwenye malori ya Kichina, hazina pete hizo kwenye gia zake kuu, kwa hiyo anayelinganisha kasi ni dereva mwenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme uwiano kati ya gia ya sita na ya saba ni 1.36. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye gia ya sita itapaswa kushuka hadi karibu 1,100 ndipo ya saba iingie bila kelele. Dereva hukanyaga klachi, hutoa gia na kuiweka frii, yaani pasipo gia yoyote, huachia klachi, husubiri mshale wa mizunguko ya injini ushuke, kisha hukanyaga tena na kuingiza. Anapopunguza gia hufuata njia ileile, ila akiwa frii huku klachi imeachiwa hugusa mafuta ili mshale upande badala ya kushuka. Mwanafunzi anayelazimisha gia kabla ya mshale kufika mahali pake anasaga meno, na anayechelewa mno anakuta mshale umeshapita. Katika hali zote mbili nguvu za mkono hazina msaada wowote. Vidole viwili vinatosha kwa mwenye kujua kusikiliza injini.

Kutokana na hilo huja ushauri wa pili, kwamba klachi ikanyagwe mpaka sakafuni kila mara. Kwenye giaboksi yenye sinkronaiza ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwenye giaboksi nyingi za aina ya Fuller ni kosa, kwa sababu mwisho wa mwendo wa pedali hiyo kuna breki ya klachi, kifaa kidogo kinachosimamisha shafti inayoleta mzunguko wa injini ndani ya giaboksi ili gia ya kwanza au ya rivasi iingie lori likiwa limesimama. Ukiigusa breki hiyo gari likiwa katika mwendo, unaichakaza na unaivuruga ile kasi uliyokuwa ukiilinganisha. Ndiyo maana madereva wawili wazoefu wanaweza kumpa mwanafunzi maelekezo yanayopingana na wote wakawa wakweli, kila mmoja kwa lori lake. Swali la kwanza la mwanafunzi lingepaswa kuwa hili: giaboksi hii ni ya aina gani?

Wapo pia wanaoamini kwamba bingwa habadili gia kwa klachi. Kwenye giaboksi isiyo na sinkronaiza jambo hilo linawezekana kasi zikilingana sawasawa, lakini kwenye yenye sinkronaiza ni njia ya kuziua zile pete kabla ya wakati wake, na kwa mtu anayejifunza ni kujionyesha tu. Vilevile si kweli kwamba ni lazima kupitia kila gia. Lori tupu kwenye barabara tambarare linaweza kurukishwa gia moja bila madhara, mradi mshale upewe muda mrefu zaidi wa kushuka.

Kuhusu swichi ya upepo inayohamisha gia za chini kwenda za juu, wengi hudhani inaweza kusogezwa wakati wowote. Kwenye Fuller husogezwa kabla ya kutoa gia, nayo hubadilisha kundi wakati mkono unapopita frii. Kuirudisha chini lori likiwa katika kasi kubwa ni kukaribisha uharibifu mzito ndani ya giaboksi. Tena, kwa kuwa hutegemea upepo, tangi likiwa na upepo mdogo swichi inaweza isitii.

Katika kuondoka, mazoea ya gari dogo humponza mwanafunzi, maana hukanyaga mafuta kwanza huku klachi ikiteleza. Injini ya dizeli ya lori ina nguvu ya kutosha hata ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta; ukiwa na mzigo, weka gia ya chini, achia klachi polepole bila mafuta, na lori litajivuta lenyewe. Harufu ya kuungua inayosikika kwenye foleni za mizani huwa ni klachi ya mtu asiyeamini jambo hili.

Imebaki dhana inayoua, nayo ni kwamba kuteremka frii kunaokoa mafuta. Lori la ekseli saba linaruhusiwa katika Afrika Mashariki kufikia tani 56. Likishuka mita 100 za wima, nguvu inayopaswa kumezwa inakaribia joto la kuchoma lita moja na nusu ya dizeli. Gia ikiwa imeingia, sehemu kubwa ya nguvu hiyo humezwa na injini na breki ya eksozi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini ilizuie lori. Likiwa frii, joto lote huingia kwenye dramu za breki. Dramu hutanuka na kuachana na lainingi inayoisugua, lainingi hupoteza mshiko, na pedali hukanyagika bila lori kupunguza mwendo. Sehemu ya Salgaa na Sachang'wan nchini Kenya imepata sifa mbaya kwa ajali, na mwendo huo wa frii umetajwa mara nyingi miongoni mwa sababu.

Hata hayo mafuta hayaokolewi kama inavyodhaniwa. Lori linaloteremka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya eksileta, hukata dizeli kabisa, ilhali lililo frii huendelea kuinywa ili injini isizime. Malori mapya ya otomatiki hujiweka frii kwenye miteremko midogo, ni kweli, lakini kompyuta huirudisha gia mara kasi inapozidi, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi kuahidi.

Wengine hukubali kuteremka na gia ila huogopa mshale ukipanda, wakidhani injini inayonguruma inajiua. Breki ya injini huwa na nguvu zaidi mizunguko ikiwa mingi, na baadhi ya malori yamewekewa alama ya buluu kwenye mita ya mshale huo kuonyesha eneo hilo. Kinachoharibu ni mshale kuingia kwenye eneo jekundu, na hapo lori halijali kwamba hukukanyaga mafuta, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini.

Kwa hiyo anayeshuka mlima Kitonga nchini Tanzania kutoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni huchagua gia akiwa juu, kabla ya kona ya kwanza, akichukua ileile ambayo lori lenye mzigo huo lingepandia au ya chini yake. Aliyeikosa gia katikati ya mteremko asiendelee kuitafuta huku kasi ikipanda, wala asiguseguse breki. Akanyage kwa uthabiti mara moja, dramu zikiwa bado hazijapata moto, mpaka lori lisimame, kisha aanze upya na gia ya chini.