Mzee wa miaka 90, jiwe kwenye mrija wa nyongo

“Daktari, kwa umri huu ataweza kuhimili?” Watoto wa mgonjwa huniuliza hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Ni swali la haki, na mlangoni mwa wodi sipati muda wa kulijibu linavyostahili, kwa hiyo nalijibu hapa.

Tiba ya kutoa jiwe hilo huitwa ERCP. Mgonjwa anamezeshwa mpira wenye kamera, unapita tumboni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, pale mrija wa nyongo na ule wa kongosho inapomwagia. Kamera hii hutazama ubavuni, maana tundu tunalolitafuta liko ukutani mwa utumbo. Tukilipata tunaingiza waya mwembamba, tunapiga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na ikibidi tunakata kidogo msuli unaolibana ili jiwe litoke. Ukataji huo uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, Ujerumani na Japani. Zamani ERCP ilifanywa hata kwa kuchunguza tu. Siku hizi uchunguzi tunauachia ultrasaundi na MRI, na mpira unaingia pale tunapokwenda kutibu. Kwa mzee sana kanuni hiyo siilegezi hata kidogo.

Waliosoma habari zake huogopa kongosho kuvimba. Ndiyo madhara makubwa yanayotokea zaidi: kati ya wagonjwa 3 na 10 hivi kwa kila 100. Lakini wazee huyapata kwa nadra kuliko vijana, kwa sababu kongosho lao limeshasinyaa na halichokozeki kirahisi. Indometasini, dawa ya kutuliza uvimbe inayowekwa njia ya haja kubwa, huyapunguza zaidi, ingawa figo zikiwa dhaifu nafikiri mara mbili kabla ya kuitoa.

Kinachonitia wasiwasi kwa mzee ni moyo, mapafu na usingizi. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa kifudifudi. Mwenye kibiongo na shingo iliyokakamaa hawezi kulala hivyo, basi tunamlaza ubavu na kazi yetu inakuwa ngumu zaidi. Midazolamu, dawa ya kumtuliza mgonjwa, ambayo kijana anaichukulia kama lepe la usingizi, mzee inaweza kumkata pumzi. Oksijeni inashuka, na kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ndiyo maana nataka daktari wa usingizi awepo chumbani, macho yake kwa mgonjwa, si kwenye skrini yangu. Meno yanayocheza nayakagua mwenyewe. Na hata kazi ikienda vizuri, mzee anaweza kuamka hajui yuko wapi, akavuta dripu usiku kucha. Mara nyingi hali hiyo hupita, lakini mtu anayemjua akae karibu naye.

Halafu kuna damu. Wazee wengi wanameza warfarini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, na kuzisimamisha kuna hatari yake. Nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini K nayo hainyonywi vizuri, na damu inachelewa kuganda hata kwa asiyemeza dawa hizo. Hapo mara nyingi nachagua kufanya kidogo: sikati, wala sihangaiki na jiwe kubwa. Naweka stenti, yaani kijimrija cha plastiki, nyongo ipite, natoka. Tunarudi baadaye hali ikitulia. Stenti hiyo huziba, na kwa kawaida inabadilishwa baada ya miezi 3 hivi, kwa hiyo nataka kujua tangu mwanzo nani atamrudisha mzee hospitalini.

Hatari inayowaua wengi, kwa maoni yangu, ni kuchelewa. Mrija ulioziba ukiingia vijidudu, vitabu vinataja homa, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano. Mzee huenda asionyeshe hata homa. Bibi aliyekuwa akijipikia chai anakataa kula, analala mchana, anamwita mjukuu kwa jina la mtu aliyefariki. Nyumbani wanasema ni uzee, au anatibiwa malaria bila kupimwa. Wakati huo sumu ya maambukizi inasambaa kwenye damu. Mwongozo wa Tokyo wa ugonjwa huu unauhesabu umri wa miaka 75 na zaidi kuwa mojawapo ya dalili za kutochelewa kufungua mrija, nami naafiki kabisa. Mzee kama huyo akifika mapema, akapewa antibayotiki na mrija ukafunguliwa, ana nafasi nzuri kuliko familia inavyodhani.

Wapo ninaowaambia hapana. Saratani iliyoziba mrija ikishasambaa na mtu yuko siku zake za mwisho, mpira haumsaidii. Lakini kama manjano yanamwasha mwili mzima hata hapati usingizi, stenti inaweza kumpa nafuu kubwa, na hilo linatosha kuwa sababu. Namuuliza yeye mwenyewe kwanza, kabla ya wanawe. Wengi wana jibu lao tayari.

Siku ya kuja leteni dawa zote anazotumia, za kienyeji pia, ndani ya mfuko mmoja. Na aje mtu anayejua alivyokuwa wiki mbili kabla ya kuugua: alikuwa akienda msalani mwenyewe? Akipanda ngazi anahema? Majibu hayo hunisaidia kuamua kuliko mwaka aliozaliwa.