Klori ya mlangoni haifiki kwenye hewa ya mkutano

"Dokta, sisi tunanawa mikono na klori, tunapima joto mlangoni. Kwa nini tena watu wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya Covid?" Wakubwa wa kampuni hapa Goma wameniuliza hivi mpaka upole umeniisha.

Najua swali hilo lilikotoka. Ebola ilipoingia mjini Julai 2019, ndoo ya klori na kipimajoto vilitufaa kweli: mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla ya dalili, na virusi vyake hupita kwa majimaji ya mwili. Covid ina mambo mengine. Mtu huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla ya kuhisi chochote, kwa hiyo kipimajoto kinampitisha bila shida. Kisha anakaa saa mbili kwenye chumba ambacho madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na kelele za pikipiki, anaongea, na wenzake wanavuta hewa aliyoitoa. Kule Skagit, Marekani, Machi 2020, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ukumbini, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Jumla ya wagonjwa ilifika 53, wawili walikufa. Klori ya mlangoni ingewasaidia nini?

Ndoo msiiondoe, kipindupindu bado tunacho. Ondoeni mkutano chumbani, muufanye mtandaoni.

"Intaneti yetu haiwezi." Nani kasema lazima nyuso zionekane? Sauti peke yake hutaka kama kilobiti 100 kwa sekunde, au chini ya hapo. Video huanzia kama 600. Zimeni kamera, mega zitabaki. Tena dakika 20 zinatosha: ajenda itumwe WhatsApp jioni, asubuhi mjadili yale tu ambayo hamjakubaliana.

"Nyumbani watalala." Mhasibu ama amefunga hesabu za mwezi, ama hajafunga. Hilo halihitaji kumwona kitini.

"Basi ugonjwa wowote ukija, tufunge ofisi." Hapana! Mpox (homa ya nyani), iliyotangazwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, hupita zaidi kwa kugusana kwa karibu. Mwenye vipele abaki nyumbani mpaka magaga ya vipele yaanguke na ngozi mpya iote. Wengine waendelee na kazi. Na mshahara wake msiukate, la sivyo atavaa shati la mikono mirefu aje kazini.