2007 tuliungulia wapi? Maneno ya mtu wa fomu

Kila ikifika mwisho wa Disemba watu wanaanza kuposti picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 hapa Kenya, za Eldoret, Kibera na Naivasha, alafu chini yake maoni ni yale yale, ati ukabila ulitumaliza, ati majirani walichinjana. Ni kweli walichinjana. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 na wengi waliokuwa wamejificha mle ndani walikuwa akina mama na watoto, na hakuna fomu inaweza kueleza hiyo. Lakini kazi yangu ni kufunza mawakala wa vyama vile matokeo hujazwa na kusafirishwa kutoka kituoni, kwa hivyo mimi hadithi hii huianzia siku kadhaa kabla ya Kiambaa, kwa meza ya kuhesabu, na naona tumezoea kukumbuka nusu tu.

Kura zilipigwa tarehe 27 Disemba 2007. Enzi hizo kura zilihesabiwa kituoni, zikajumlishwa eneo bunge, alafu hesabu inatumwa KICC Nairobi, ukumbi wa kujumlisha matokeo ya nchi nzima, kwa simu ama faksi na karatasi yenyewe inafuata baadaye. Sasa hapo kati ya simu na karatasi ndio mambo yaliharibikia. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, alilalamika mbele ya waandishi kwamba baadhi ya wasimamizi wake hawapatikani kwa simu, na hata akasema anaogopa wasiwe wanapika matokeo. Hebu fikiria, huyo ndiye mwenye tume! Tarehe 30 jioni akatangaza rais Kibaki 4,584,721, mpinzani wake Raila 4,352,993, kwa chumba chenye KBC pekee, kituo cha serikali, na giza likiingia rais alikuwa ashaapishwa Ikulu. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya laivu. Siku chache baadaye Kivuitu akaulizwa kama Kibaki alishinda kweli, akasema hajui.

Tume ya Jaji Kriegler, iliyoundwa kuchunguza uchaguzi huo, ilisema uchaguzi ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Hiyo wengi wanaijua. Ile hawapendi kuisikia ni kwamba Kriegler alikuta kura zimejazwa kwa masanduku kwenye ngome za pande ZOTE mbili. Na ukiuliza mtu wa fomu hiyo inawezekanaje atakwambia ni rahisi sana, kwa ngome wakala wa mpinzani hayuko, amefukuzwa ama ameogopa kuja ama chama chake kilijua hakuna haja kumtuma, basi waliobaki ndani ya chumba ni watu wa upande mmoja na saa tano usiku hakuna mtu wa kuuliza mbona waliojitokeza wamekaribia asilimia mia, kwani hakuna aliyekufa tangu daftari liandikwe, hakuna aliyesafiri? Kila upande ukaona kura zake ndio halali na za wenzake ndio za wizi, na kwa kiasi fulani kila upande ulikuwa na ushahidi.

Alafu kuna ripoti ya Jaji Waki, aliyechunguza zile ghasia. Vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 ni vya risasi. Karibu watu wanne kwa kila kumi! Waliokuwa na bunduki kwa wingi wakati huo ni polisi, jirani yako wa panga hakuwa na bunduki. Sisemi hivi kumsafisha mtu wa panga. Nasema juu kila mwaka tunahimizana tupendane, makabila yashikane mikono, na hakuna anayeuliza aliyeamuru risasi pale Kisumu alienda wapi. Zile kesi za ghasia huko ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, zenyewe unajua zilivyoisha, ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Disemba 2014, ya Ruto na Sang ikafungwa Aprili 2016.

Karatasi zenyewe zimeboreshwa, lazima niseme. Mahakama ya Rufaa iliamua 2017, kwenye kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa kule chini, eneo bunge, hayawezi kubadilishwa Nairobi, na mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Ikifika 2022, Fomu 34A, zile za matokeo ya rais kituoni, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni na mtu yeyote akiwa na bando za intaneti angeweza kujumlisha mwenyewe, na wengi walijumlisha. Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Makamishna wanne wa tume walikataa matokeo, kule Bomas yalikotangazwa viti vilirushwa, lakini wakaenda kortini na nchi haikuchomeka kama 2008.

Sasa ndio naona tunarudi kwa ngome. Gachagua, akiwa naibu rais wa Ruto, alipoanza mambo ya serikali ni kampuni ya hisa, ati aliyewekeza ndio anakula kwanza, watu walicheka, lakini ile ni falsafa kamili ya ngome. Oktoba 2024 akatolewa kwa impichmenti, na tangu hapo Mlima, yaani kwao Mlima Kenya, una hasira zake, upande wa Raila uko ndani ya serikali jumuishi na Ruto, na ukifungua simu ni wantam (Ruto muhula mmoja tu) na tutam (apewe miwili) kutwa nzima. Chaguzi ndogo za Novemba 2025 zimetuonyesha tena wahuni wa kukodiwa. Mimi wahuni nawaangalia kikazi, juu kazi yao kubwa sio kupiga watu, ni kuhakikisha mtu fulani hafiki kwenye kile chumba.

Kuna mgawanyiko mwingine ambao mahesabu ya kabila hayaushiki, wa umri. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kukataa mswada wa fedha, wengi walikuwa watoto wadogo 2008, wengine hawajazaliwa vizuri, na walisema hawana kabila wala chama wala kiongozi. Walipigwa risasi vile vile. Na tarehe 25 Juni 2025 waliporudi kuwakumbuka wenzao, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo visitishe laivu, hadi korti ikasimamisha hiyo amri siku hiyo hiyo. Aliyekuwa mtu mzima 30 Disemba 2007 hakuhitaji kuelezewa.

Mkutano wangu wa mwisho na vijana kama hao waliniuliza uchaguzi wa 2027 wafanye nini, nikawaambia waombe kuwa mawakala, na sio kwao. Mtu wa Nyeri akae Siaya, wa Bomet akae Murang'a, kama chama kinaweza kulipa nauli na malazi, na vyama vingi vinasema haviwezi huku vinakodi helikopta. Kituo hakizidi wapiga kura 700 kwa hiyo mtu mmoja makini anatosha. Ukikataa kutia sahihi, andika sababu, fomu ina nafasi yake, juu kukataa peke yake hakufuti matokeo. Na ile nakala inayobandikwa mlangoni ipige picha yote, pamoja na maoni ya msimamizi kule chini, hapo ndipo watu wengi hukata.