Simba wa Nairobi Hawalishwi na Mtu

Wengi jijini huamini kuwa simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wanafugwa, hivyo ukilipa kiingilio lazima uwaone. Imani hii ina chanzo: karibu na lango la Lang'ata kuna kituo cha wanyama yatima, ambako simba wamo ndani ya uzio na hulishwa kweli. Ziara nyingi za shule huishia hapo. Ukiipata tiketi yako ya zamani, isome: ni ya mbuga au ya kituo?

Mbugani kwenyewe, eneo la kilomita za mraba 117 lililotengwa mwaka 1946, simba hujiwindia. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, umeachwa wazi kwa sehemu kubwa. Ramani ya simu itakuonyesha nyanda za Kitengela zikianzia ng'ambo. Nenda alfajiri. Mimi nimewahi kurudi na twiga tu machoni, simba wangu wakiwa wale wawili wa nembo ya taifa, kwenye sarafu mfukoni.