Nyonga zinazouma usiku: laza mguu mzima, si goti peke yake

Mama kijacho akinijia na kusema nyonga hazimpi usingizi, namwomba kwanza apande kwenye kitanda cha uchunguzi alale kama anavyolala nyumbani kwake. Maswali mengine yanasubiri. Mara nyingi naona kitu kilekile: amelala ubavu, kabana mto mdogo katikati ya magoti, lakini kuanzia goti kushuka chini mguu wa juu hauna pa kuegemea. Kigimbi kinaning'inia, unyayo umeangukia godoro. Aliambiwa aweke mto magotini, naye ameweka. Hakuna aliyemwambia habari ya kifundo cha mguu.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi, na wajawazito wengi ninaowaona huja baada ya kuvumilia wiki nyingi. Wameambiwa na mama mkwe, na wifi, wakati mwingine hata na mhudumu wa afya, kwamba mimba si ugonjwa. Ni kweli, si ugonjwa. Lakini kukesha tangu mwezi wa sita hadi wa tisa kunamfikisha mama leba akiwa hoi, na maumivu haya yana sababu zinazoeleweka na yana la kufanya. Yanampata karibu mjamzito mmoja kati ya watano. Kwa hiyo usione haya kuyasema.

Mifupa ya nyonga imeungana sehemu tatu: mbili ziko nyuma, kulia na kushoto chini ya kiuno, na moja iko mbele kwenye kinena. Kano ngumu ndizo zinazoishikilia. Ukiwa mjamzito, homoni za relaksini na projesteroni hulegeza kano hizo, nyonga zijiandae kumpitisha mtoto. Kazi ya kushikilia inahamia kwenye misuli ya matako, mapaja na tumbo la chini, nayo inachoka. Wakati huohuo uzito unapanda; mama aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kufikia mwisho.

Sasa lala ubavu na uzito huo. Upande wa chini, mwili unakalia ile nundu ya mfupa unayoigusa pembeni ya paja, juu kidogo. Kano za misuli ya matako zinapita hapohapo, na zinabanwa kati ya mfupa na godoro. Ndiyo maana upande wa chini unawaka baada ya saa moja au mbili, ukigeuka unapata nafuu, kisha na huo mwingine unaanza. Upande wa juu una shida yake. Mguu mmoja wa binadamu ni karibu sehemu ya sita ya uzito wa mwili mzima. Mama wa kilo 72 ana mguu wa kama kilo 12, uzito unaozidi ndoo ya lita kumi iliyojaa. Goti likiporomoka mbele, au unyayo ukiwa chini kuliko goti, uzito huo unavuta kano za nyonga na kupinda viungo vya nyuma usiku kucha.

Dawa yake ni kuubeba mguu wote. Si lazima ununue ule mto mrefu wa wajawazito unaouzwa madukani. Mzuri ni mzuri, lakini blanketi linatosha, na huku kwetu karibu kila nyumba ina blanketi zito la mwezi wa saba. Likunje kwa urefu, lizungushe liwe gogo refu, lifunge kwa khanga lisifumuke. Liweke lianzie juu ya goti lifike hadi chini ya unyayo. Unene wake uwe wa kutosha kiasi kwamba nyonga, goti na kifundo cha mguu wa juu vinakuwa usawa mmoja. Hapo ndipo wengi wanakosea: mto mmoja laini ukilaliwa unabaki unene wa vidole viwili, wakati mama mwenye nyonga pana anahitaji karibu mara tatu ya hapo. Mwambie mwenzako akuangalie kwa nyuma, atakuambia kama mguu umeshuka.

Kisha weka nguo iliyokunjwa chini ya tumbo, ijaze tu ile nafasi kati ya tumbo na godoro ili tumbo lisivute kiuno. Na weka mto mwingine mgongoni. Huu wa mgongoni ndio ninaousisitiza kwa mama ambaye nyonga ya chini inamchoma: ukiuegemea kidogo, mwili unainama nyuma kwa pembe ndogo, na uzito unaondoka kwenye ile nundu ya mfupa unakwenda kwenye nyama ya tako. Bado hujalala chali. Umeegemea tu.

Godoro nalo lina neno. La sponji lililotumika miaka mingi linabonyea katikati, nyonga inazama na kiuno kinapinda. Ligeuze, au lala upande ambao hujauzoea, pale ambapo halijachakaa. Likiwa gumu sana, tandika blanketi lililokunjwa mara mbili chini ya shuka, kuanzia kiunoni hadi mapajani.

Kuhusu kushoto na kulia, nataka niseme wazi kwa sababu nimeona akina mama wanaoteseka bure. Wengi wameshika kwamba ni dhambi kulala kulia, kwa hiyo nyonga ya kushoto inabeba kila kitu kwa miezi mitatu mpaka haigusiki. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019, ulioleta pamoja takwimu za nchi kadhaa, ulikuta kwamba kuanzia wiki ya 28 kuanza usingizi ukiwa chali kunaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni, lakini haukuona tofauti kati ya ubavu wa kulia na wa kushoto. Lala ubavu wowote. Badilisha. Na ukishtuka usiku ukajikuta chali, usiingiwe na hofu, geuka tu uendelee kulala; kinachozingatiwa ni ule mkao unaoanza nao usingizi.

Kugeuka kwenyewe ndiko kunakowatoa wengi machozi, hasa wenye maumivu ya kinena. Usigeuke kwa kutupa mguu mmoja kwanza. Kunja magoti yote mawili, yabane pamoja kana kwamba umeshika kitu katikati, kaza matako kidogo, kisha geuza mabega, nyonga na magoti kwa pamoja. Kutoka kitandani ni hivyohivyo: magoti pamoja, shusha miguu yote miwili kwa wakati mmoja huku ukijisukuma kwa mkono.

Ila usiku ni mahali pa kulipia tu. Deni lenyewe mara nyingi linakopwa mchana, na mama akinieleza siku yake naona wapi. Kudeki ni namba moja. Ile ya kuinama miguu imetanuka, tambara mkononi, unarudi kinyumenyume huku ukihamisha uzito mguu hadi mguu, ndiyo kazi ninayoomba iachwe kabla ya nyingine zote. Tumia mopa yenye mpini au mwachie mtu mwingine. Kufua ukiwa umeinamia beseni lililoko chini ni ya pili: pandisha beseni juu ya benchi. Ya tatu ni kumbeba mtoto mkubwa ubavuni, nyonga moja imetokezwa nje. Najua anayekulilia ni mwanao. Kaa, apande mapajani.

Wafanyabiashara wa masoko ya Mbuyuni na Memorial hapa mjini wana yao. Kigoda kifupi kinakunja nyonga kupita kiasi kwa saa nyingi, na kusimama muda mrefu uzito ukiwa mguu mmoja kunachosha misuli ya upande huo. Tafuta kiti ambacho ukikikalia magoti hayapandi juu ya nyonga, na simama utembee kidogo kila nusu saa. Wa milimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, wana miteremko: punguza hatua ziwe fupi, mzigo ugawe mara mbili, na kupanda utumie njia ndefu isiyo na mwinamo mkali hata kama ya mkato ipo. Bodaboda inatanua nyonga na kuzitikisa. Mwenye maumivu ya kinena akipata namna nyingine ya kufika, aitumie. Gari ukiliingia, kaa kwanza kitini, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Sketi na viatu vaa ukiwa umekaa.

Mchana huohuo khanga inasaidia. Ikunje iwe mkanda mpana, ifunge chini ya tumbo, izunguke kwenye nyonga zenyewe na si kwenye kiuno. Ibane kiasi cha kukusaidia kutembea, na ifungue ukilala. Ukihisi ganzi au tumbo kubanwa, umeifunga juu mno.

Mazoezi ya jioni ninayofundisha ni machache. Piga magoti na weka viganja chini, pandisha mgongo taratibu kisha urudishe uwe bapa, mara kumi. Kaa kwenye kiti, weka mto kati ya magoti, ubane kwa sekunde tano na kuachia, mara kumi. Likiuma kinena, punguza nguvu. Maji ya vuguvugu kwenye mpira wa maji ya moto uliofungwa taulo, dakika kumi na tano pembeni ya nyonga au nyuma ya kiuno, yanalegeza misuli kabla ya kulala. Tumboni usiweke, wala usikubali mtu akuchue tumbo kwa nguvu.

Miguu ni habari nyingine, na hapa nauliza kwa makini. Kigimbi kikikaza ghafla usiku hadi unapiga kelele, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, shikilia mpaka kiachie, kisha simama utembee. Kabla ya kulala nyoosha vigimbi: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, sekunde 30, mara tatu kila mguu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataja pia magnesiamu na kalisi kama njia za kupunguza mkazo huo. Ulizia kliniki kabla ya kununua.

Lakini kuna miguu isiyokaza wala kuuma hasa, ila haitulii. Mama anasema kuna kitu kinatambaa ndani, akitembea kinaisha, akilala kinarudi. Hiyo mara nyingi inafuatana na upungufu wa madini chuma, na ikiwa mama huyo pia anatamani udongo, naomba apimwe damu mara moja. Hapo mito haitasaidia. Vile vidonge vya madini chuma na foliki unavyopewa kliniki, meza kila siku, na usivisindikize na chai wala kahawa, maana hupunguza kufyonzwa kwa madini hayo. Acha ipite saa moja au mbili. Vya kalisi meza muda tofauti na hivyo.

Dawa za maumivu: parasetamoli kwa dozi sahihi na kwa muda mfupi inakubalika. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa lolote linakupa bila swali, ziache. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2020 kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwambie muuzaji kuwa una mimba hata kama haijaonekana. Aliyeandikiwa aspirini ya dozi ndogo na daktari kwa ajili ya presha asiiache kwa kusoma haya.

Na kuna usiku ambao hutakiwi kupanga mito, bali kwenda hospitali. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na kuuma kigimbini au pajani, hasa wa kushoto, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, usiuchue, nenda. Ukishindwa kupumua vizuri au kifua kikiuma, ni dharura. Uso na mikono kuvimba pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu ni dalili ya presha ya ujauzito. Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, maji au damu kutoka, homa, ganzi sehemu za siri, mkojo kutoka bila kujua: yote hayo ni ya kupimwa usiku huohuo. Na nyonga moja ikiuma mbele hadi unachechemea na kukanyaga ni shida, ionwe na daktari, isiingizwe kwenye kapu la maumivu ya kawaida.

Kama ni maumivu ya kawaida lakini hayapungui baada ya wiki mbili za kujipanga hivi, omba kliniki wakuandikie uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Kuna jambo moja tunalipima ambalo litakufaa siku ya kujifungua: ukiwa umelala, unatanua magoti taratibu mpaka pale maumivu yanapoanza, tunapima nafasi kati yake kwa futi ya fundi cherehani na kuiandika kwenye kadi yako ya kliniki. Mwonyeshe mkunga mapema. Atajua miguu yako isitanuliwe kupita hapo, na kwamba kujifungua ukiwa ubavu au umepiga magoti kutakuwa rahisi kwako kuliko chali. Hilo lina uzito zaidi ukichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, kwa kuwa hutasikia nyonga zikivutwa. Wengi maumivu yao hupungua ndani ya wiki chache baada ya kujifungua. Yakifika miezi mitatu bado yapo, rudi tuendelee.