Klabu ikiuzwa, kocha anafukuzwa na nani?

Kila klabu iliyo mkiani ikitangaza kwamba inauzwa, naulizwa swali lile lile: kocha anabaki au anafungashiwa virago? Kazi yangu ni kukagua vitabu vya klabu kwa niaba ya wanaotaka kuinunua, kwa hiyo watu hudhani nina siri mfukoni. Sina. Nilichonacho ni swali jingine ambalo naona linafaa kutangulia: leo hii nani ana mamlaka ya kumfukuza, na fidia yake itatoka kwenye mfuko wa nani?

Leeds United waliwahi kulijibu swali hilo hadharani, tena kwa aibu. Ilikuwa Januari 31, 2014, siku ya kufungwa kwa dirisha dogo la usajili. Muitaliano Massimo Cellino alikuwa amekubaliana na wamiliki kununua asilimia 75 ya hisa. Usiku huo kocha Brian McDermott akapigiwa simu na mwanasheria, akaambiwa kazi imekwisha. Kesho yake timu ikaingia uwanjani bila yeye na kuichapa Huddersfield 5-1, Ross McCormack akifunga matatu peke yake. Mechi ilipomalizika klabu ikatoa taarifa kwamba McDermott bado ni kocha. Cellino alikuwa hajawa mmiliki! Ligi ilikuwa haijamwidhinisha, na mwezi Machi ikamkataa kabisa, hadi aliposhinda rufaa Aprili. McDermott akarudi kazini, akamaliza msimu, akaondoka mwishoni mwa Mei.

Watu wengi hucheka kisa hiki kama kituko. Mimi nakiona kama somo la sheria. Anayenunua klabu kwa kawaida hununua hisa za kampuni. Kampuni yenyewe haibadiliki: deni la jana ni deni la leo, na mkataba wa kocha uliosainiwa na bodi ya zamani unaendelea kama ulivyo. Ahadi ya kununua haimpi mtu ufunguo. Mpaka ligi ipitishe jina lake na fedha zihamishwe, mnunuzi ni mgeni sebuleni, hata kama picha yake akiwa na skafu ya klabu imeshasambaa kila mahali.

Hapo katikati, kati ya kukubaliana na kukabidhiana, ndipo timu nyingi huumia. Muuzaji hataki kutoa hata senti kwa kitu anachokiona si chake tena. Mnunuzi anataka kutumia lakini hana ruhusa. Kocha anaomba beki wa kushoto, anaambiwa asubiri. Wachezaji nao si watoto. Wanajua bosi wao anahesabiwa siku, na ukali wake mazoezini unapungua uzito.

Newcastle walikaa katika hali hiyo miezi 18. Ofa ya kundi lililoongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudia ilijulikana Aprili 2020, ila mauzo yalikamilika Oktoba 7, 2021. Steve Bruce akaongoza mechi moja tu chini ya wamiliki wapya, ya 1,000 katika maisha yake ya ukocha, wakafungwa 3-2 na Tottenham. Siku tatu baadaye akaondoka. Timu ilikuwa haijashinda hata mechi moja ya ligi msimu ule, na ushindi wa kwanza ulikuja Desemba, Eddie Howe akiwa tayari kwenye benchi. Januari wakasajili wachezaji watano, wakamaliza nafasi ya 11. Wengi humpa Howe sifa zote. Anastahili nyingi, lakini Bruce hakupewa hao watano.

Everton nao, baada ya dili la kwanza kuvunjika mwaka 2024, walinunuliwa na kundi la wawekezaji wa Marekani la Friedkin Desemba mwaka huo huo. Sean Dyche akatimuliwa Januari 9, 2025, saa chache kabla ya mechi ya Kombe la FA, timu ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka. Kwa mkaguzi kama mimi, kilichonivutia ni kwamba mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi kile. Kumwachisha kazi wakati huo kulikuwa rahisi kifedha. Angekuwa na miaka mitatu mbele yake, nadhani tungesikia hotuba ndefu zaidi kuhusu uvumilivu.

Gharama ya kocha haiishii kwa kocha, na hapa ndipo wanunuzi wageni huteleza. Nyuma yake kuna msaidizi, kocha wa makipa, mtaalamu wa viungo, mchambuzi wa video, kila mmoja na mkataba wake. Halafu kuna namna ya kulipa. Klabu yenye akili hupendelea kulipa kidogo kidogo kila mwezi, kwa sababu mikataba mingi inasema kocha akipata kazi kwingine malipo yanapungua au yanakoma. Wakala wake naye anadai zote kwa mkupuo. Ukisoma kwamba mazungumzo ya kuachana yamechukua wiki mbili, mara nyingi ubishi ni huo.

Kuna klabu moja, sitaitaja, tulikagua faili zake karibu mwezi mzima. Mkataba wa kocha ulikuwa safi, kurasa zote zimesainiwa. Siku ya mwisho, nikiwa nafunga begi, karani wa mishahara akaniuliza kwa upole, "Na ile barua je?" Akafungua droo. Ukurasa mmoja, saini ya mwenyekiti, ukimwahidi kocha bonasi yote ya kutoshuka daraja hata akifukuzwa katikati ya msimu. Haikuwa kwenye faili lolote tulilopewa. Usiku ule bei ya klabu ilijadiliwa upya, na kocha mwenyewe hakujua kwamba bei ya klabu nzima ilikuwa inajadiliwa kwa sababu ya karatasi yake. Tangu hapo sianzi na mkurugenzi. Naanza na karani.

Kufukuzwa kwa kocha, basi, hakunitishi sana. Kinachonishtua ni kocha kuondoka mwenyewe wakati timu inafanya vizuri, maana yeye huona vitu ambavyo ripoti zangu huchelewa kuvionyesha: mshahara uliochelewa, daktari asiyelipwa, basi la timu lisilokuja. Bury, klabu ndogo ya Uingereza, walinunuliwa na mfanyabiashara Steve Dale kwa pauni 1 Desemba 2018. Bei ya pauni 1 maana yake mnunuzi anabeba madeni, na hilo peke yake si kosa. Kocha Ryan Lowe akawapandisha daraja msimu ule ule, huku mishahara ikiwa haijalipwa. Juni 2019 akahamia Plymouth Argyle, timu ya daraja la chini kuliko lile alilokuwa ametoka kuipeleka Bury.

Agosti 27 Bury wakafutwa kwenye ligi bila kucheza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Lowe akapanda daraja tena, na Plymouth.